Shada la Krismasi linaning'inia tu

SWALI: Shangazi, nina shada refu la majani ya plastiki. Kila nikilitundika juu ya mlango linaonekana kama kamba ya kuanikia nguo. Nifanyeje? Na zaidi ya mlangoni, niliweke wapi?
Mama Pacha

JIBU: Mama Pacha, tatizo ni kwamba majani bado yamelala jinsi yalivyobanwa kwenye boksi. Shika kitawi kimoja kimoja: hiki kipinde juu, kile kushoto, kinachofuata kulia, mpaka waya wa katikati usionekane kabisa. Vidole vitachoka, lakini uzuri wote uko hapo. Halafu usilivute likakaza. Kwa nafasi ya mita 2, shada la mita 3 hivi hulegea vizuri.

Pengine pa kuliweka? Reli ya ngazi, au kuzunguka kioo. Funga kwa utepe, usipigilie misumari. Mimi napenda zaidi mezani: lilaze katikati, uchomeke vijiti vya mdalasini na vipande vya chungwa vilivyokaushwa. Mishumaa, tafadhali, iweke mbali kabisa, maana majani hayo hushika moto upesi. Tumia taa ndogo za LED, hazipati joto sana.