MRI na usahaulifu wa mzee
Je, MRI, yaani picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku, inaweza kuthibitisha kwamba usahaulifu wa mzee ni mwanzo wa Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu polepole? Hapana, peke yake haithibitishi. Ile hatua iliyo kati ya usahaulifu wa kawaida wa uzeeni na ugonjwa wenyewe, ambapo mtu anasahau kuliko wa rika lake lakini bado anajipikia na kuhesabu chenji yake, daktari huijua kwa mahojiano na vipimo vya kumbukumbu. Picha ya MRI huonyesha kama hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, imesinyaa, na (hili wengi hawalitaji) huondoa shaka ya uvimbe, kiharusi au damu iliyovilia baada ya kuanguka. Mradi wa utafiti wa Alzheimer wa Marekani uitwao ADNI, ulioanza 2004, umewafuatilia watu walio katika hatua hiyo kwa MRI na PET, picha inayotumia dawa yenye mionzi kidogo. PET huona amiloidi, protini inayojikusanya katika ubongo wa wenye Alzheimer, ila wapo wazee wenye amiloidi na kumbukumbu zao ziko sawa kabisa.