Mifupa ya kitimoto ya moshi hapa Tanga: ninavyoipata mimi

Dada uliyeuliza wapi Tanga mjini utapata mifupa ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, upike ile supu ya njegere kavu uliyoizoea ulipokuwa masomoni Ujerumani: mwaka wa tatu huu naitafuta, na dukani sijaikuta hata mara moja. Kwenye majokofu nimeona bekoni na soseji tu. Kwa hiyo tafuta mifupa mibichi, moshi utie mwenyewe.

Usiende kuulizia kwa wauza nyama wa soko la Mgandini. Wengi wao ni Waislamu, swali lenyewe linawaudhi, na wana haki. Nenda bucha za kitimoto, zile zilizoambatana na baa. Nyama huko haikosekani, ila mfupa peke yake ndio shida, maana kitimoto hukatwa pamoja na mfupa wake. Muuzaji anapima kilo, anashusha shoka, vyote vinaingia jikoni kwa wachomaji. Ukifika saa kumi jioni hakuna kilichobaki. Mimi nilipatana na muuzaji mmoja nimpigie simu usiku, naye asubuhi kabla hajaanza kukatakata ananiwekea shingo, vifundo vya miguu na mifupa ya mbavu yenye nyama nyama. Omba vifundo hasa. Vina ngozi na kano nyingi, ndivyo vinavyoifanya supu iwe nzito, hata ikipoa inaganda.

Angalia muhuri wa mkaguzi wa nyama, na usione haya kuuliza. Nyama isiyokaguliwa inaweza kuwa na mabuu ya tegu, na moshi wa nyumbani hauyaui kwa uhakika. Kinachoyaua ni kuchemka vizuri. Pia kuna nyakati kitimoto inapotea kabisa: homa ya nguruwe ikizuka, usafirishaji wa nguruwe na nyama yake husimamishwa. Homa hiyo haimpati binadamu, lakini heshimu katazo, usibebe nyama kwenye basi kutoka wilaya nyingine. Wafugaji wadogo hupoteza zizi zima kwa wiki chache.

Sasa moshi. Mara ya kwanza nilitumia maranda ya seremala na supu ikawa chungu, haikulika. Yalichanganyika na ya mbao zenye dawa. Siku hizi natumia kuni za mchungwa kutoka Muheza, ambako michungwa mizee ikikatwa kuni zipo, pamoja na makumbi ya nazi yaliyokauka. Makumbi hayawaki moto mkubwa, yanafuka taratibu, na wakaushaji samaki wa pwani wanayajua tangu zamani. Kaa mbali na misonobari, utomvu wake unaharibu ladha.

Kwa kilo 3 za mifupa nachanganya lita 3 za maji na gramu 250 za chumvi, sukari vijiko viwili, pilipili manga na vitunguu saumu vilivyopondwa. Mifupa inalala humo kwenye friji usiku kucha. Asubuhi naisuuza na kuitundika penye upepo, nimeifunika kwa wavu wa nzi, mpaka ngozi ikauke. Ngozi yenye maji inashika masizi badala ya moshi mzuri. Kisha inapanda kwenye chanja ndani ya pipa lililokatwa, moto mdogo chini, saa nne au tano.

Usishtuke nyama ikiwa ya kijivu kwa ndani. Wekundu wa nyama za viwandani unatokana na chumvi yenye naitraiti, dawa ya kuhifadhia nyama, ambayo sisi hatukuitia. Kwa sababu hiyohiyo usiitundike jikoni ukidhani imehifadhika. Kwa joto la Tanga iweke kwenye friza siku ileile.

Pipa langu liko Pongwe, shambani kwa rafiki yangu. Nyumbani majirani zangu ni Waislamu, tunaazimana sufuria na kupelekeana futari, siwezi kuwafukizia moshi wa nguruwe dirishani. Sufuria ya supu hii, kisu na ubao wake vinakaa kando na haviazimwi. Mwezi wa Ramadhani siendi kabisa, na muuzaji wangu naye huchinja kidogo.

Kupika ni rahisi. Chemsha mifupa saa mbili kwa moto mdogo, onja maji, yakizidi chumvi mwaga nusu uongeze mengine. Ndipo utie njegere kavu, karoti, viazi na kitunguu. Njegere ukizikosa, maharage ya Lushoto yanafaa sana, na mimi sasa nayapenda kuliko njegere. Chumvi usitie mpaka mwisho.

Jumamosi hii nakwenda Pongwe na chanja ina nafasi. Ukipata vifundo vyako viloweke Ijumaa usiku, uniandikie, tuvitie moshi pamoja.