Usimuulize anakaa wapi

Kadi ya kliniki ina mstari wa jina, wa umri, halafu wa shehia, yaani mtaa anaokaa mtu. Miaka yangu ya mwanzo ya uuguzi mstari wa shehia nilikuwa naujaza bila ya kunyanyua kichwa. "Unakaa wapi?" Siku moja mzee mmoja mwenye kidonda cha mguu, kitambaa kimeshagandia nyama, akanijibu, "Nipo tu, mwanangu." Nikarudia swali kwa sauti, na foleni nzima nyuma yake ikasikia. Akasema anatoka nje kidogo. Hakurudi. Nilikuja kumuona wiki tatu baadae kwenye baraza ya duka, si mbali na Darajani, hapa Unguja mjini, ndipo anapolala, na mguu ulikuwa unanuka kabla hujamfikia.

Tokea hapo, kwa mgonjwa asiye na nyumba, swali langu ni jengine: "Nikikutaka, nikupate wapi?" Hilo kila mtu ana jibu lake. Mmoja utampata diko la Malindi kabla ya adhana ya alfajiri. Mwengine Forodhani, wauza mishikaki wakishakunja meza zao. Mwengine kwa muuza kahawa wake. Naandika hivyo hivyo kwenye kadi, na wala sijaona mtu aliyekataa kunijibu. Mambo ya sheha na kitambulisho cha Mzanzibari mtayafuatilia baadae, mguu ukishasafishwa. Na kidonda chenyewe hakitaki makubwa: maji safi mengi, sabuni, kitambaa kikavu, na uulizie chanjo ya pepopunda. Spiriti usimimine ndani; inaunguza nyama inayotaka kupona, na mgonjwa hatokuja tena.

Huyo muuza kahawa nisimpite haraka. Tunaotoa huduma tunapenda kumpa mgonjwa dawa za wiki mbili na kumwambia "ziweke pahala pazuri". Pahala pazuri wapi? Mimi mwenyewe nilimpa kijana bahasha ya vidonge siku mbili kabla ya masika kuchanganya, akanirejeshea uji ndani ya karatasi. Siku hizi nauliza nani anamuamini. Mara nyingi ni mtu wa kahawa au mama lishe, mtu ambaye yuko pale pale kila siku, mvua au jua. Dawa za siku chache anakaa nazo huyo, ndani ya kopo lenye kifuniko, kwa ridhaa ya mgonjwa na bila ya kumtangazia ugonjwa wa mwenzake.

Kifua kikuu ndicho kinachotaka uangalifu huu zaidi. Matibabu yake ya kawaida ni miezi 6, dawa ni bure, na mtu akishapata nafuu mwezi wa pili anaona ameshapona. Mwambie mapema mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, asije akashtuka akaacha. Na kama yuko kwenye methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha heroini, hapa ndipo wengi tunapokosea. Rifampisini, moja katika dawa za kifua kikuu, inaifanya methadoni iishe mwilini haraka. Mtu aliyekuwa ametulia anaanza arosto: kamasi, maumivu ya mifupa, hana usingizi. Mhudumu asiyejua anasema, "Umerudi kwenye unga wewe." Anaondoka, na mara hii anaurudia kweli. Kumbe alihitaji daktari wake wa methadoni aambiwe siku ile ile dawa za kifua kikuu zinapoanza, aipandishe dozi kidogo kidogo. Rifampisini ikimalizika aambiwe tena, maana dozi ile ile sasa itamzidi, na kuzidi kwa methadoni kunaua kwa kuzuia pumzi. Kwa vile methadoni kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, omba na vidonge vya kifua kikuu avimeze dirisha lile lile. Neno "teja", tafadhali, liache nyumbani kwako.

Upele nao usimpe mtu dawa ya kupaka akarudi kuvaa nguo ile ile. Mtafutie shati na kikoi vya kubadilisha, zake zifungwe kwenye mfuko wa plastiki siku kadhaa, na wanaolala pamoja naye wapakwe siku moja.

Kisukari ndicho kinachoninyima usingizi. Insulini ikishaanza kutumika inaweza kukaa nje ya friji kama wiki 4, lakini si kwenye joto linalopita nyuzi 30, na kaskazi ya kwetu mnaijua. Kama hakuna duka litakalokubali kumuwekea frijini, kuna chungu ndani ya chungu: katikati mchanga uliorowa maji, chupa ndani ya kile kidogo, imefungwa isiingie unyevu, mahali penye kivuli na upepo. Gumu zaidi ni chakula. Sindano ya kabla ya kula asichome mpaka sahani iwe mbele yake, si kwa ahadi ya sahani. Ramadhani futari ya msikitini haimkosi, taabu yake ni mchana, na mgonjwa ana ruhusa ya kula ila hana pa kujificha ale. Mfungulie mlango wa nyuma wa kliniki. Na ukimkuta mtu anatoka jasho, anatetemeka, maneno hayashikani, wapita njia watakwambia kalewa, kumbe sukari yake imeshuka. Kama anaweza kumeza, mpe maji ya sukari au juisi ya miwa kwanza, halafu mpeleke hospitali. Hawezi kumeza, usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize.

Yule mzee wa mguu alikubali kutibiwa mara ya nne nilipomfuata. Mara ya kwanza nilimtikisa bega akiwa usingizini, akaruka akashika fimbo. Kosa langu. Kadi yake mpya, kwenye mstari wa shehia, nimeandika: "Baraza ya duka la vitambaa, baada ya Isha. Piga hodi, usubiri akaribishe."