"Tani 40" si mzigo: vifaa vya fimbo ya kwanza ya kuvulia

SWALI: Asalaam aleikum, fundi. Mimi ni kijana wa Malindi, huenda baharini kwa mashua ya mjomba wangu, na nataka kujiundia fimbo yangu ya kwanza ya kuvulia kolekole na nguru kando ya mwamba, na siku nyingine nirushe kutoka ufuoni karibu na mlango wa Mto Sabaki. Tayari nina rili, yaani kikunjio cha mshipi, ile inayoning'inia chini ya fimbo, na mshipi wa kusuka wa ratili 30. Muuzaji mmoja ameniambia nisitupe pesa kwa ufito wowote (mwili mtupu wa fimbo, kabla ya kufungwa pete na rili) ulio chini ya kaboni ya tani 40, kwa kuwa ndio unaobeba samaki mkubwa, na kwamba pete za kupitishia mshipi ni pete tu, ninunue za bei rahisi nizigandishe kwa supaglu. Je, ni kweli?

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Si kweli, na kwa kuwa habari hii ya tani huletwa kwangu karibu kila mara mtu anapotaka kuunda fimbo, uniwie radhi nikiwa mkali. Ukali wenyewe haukuhusu wewe.

Tani 40 iliyoandikwa kwenye ufito si uzito ambao ufito huo unaweza kuubeba. Ni kipimo cha ukakamavu wa nyuzi za kaboni, yaani jinsi zinavyokataa kunyumbuka zinapovutwa, na huhesabiwa kwa tani kwa kila milimita mraba. Kwa kuwa nyuzi za tani 40 ni kakamavu kuliko za tani 24 au 30, mwenye kiwanda huhitaji chache zaidi, na ufito hutoka mwepesi, wenye ukuta mwembamba, unaojirudi upesi ukishapindwa. Hizo ni sifa njema kwa mtu anayerusha chambo kutwa nzima na ambaye mkono wake umekwisha kuzoea. Lakini nyuzi hizohizo hukatika zikinyumbuka kidogo tu, na ukuta ule mwembamba hauvumilii kugongwa. Chubwi ikiyumba ikaupiga ufito, au fimbo ikiangukia ukingo wa mashua, hubaki ufa ambao jicho haliuoni, kisha siku nyingine fimbo inakatika kwa samaki wa kawaida kabisa, na mwenyewe anaapa kwamba aliuziwa bandia.

Lau tani zingekuwa ndizo nguvu, nyuzi za kioo, ambazo kwa kipimo hichohicho ni kama tani 7 tu, zisingefaa hata kwa changu. Ilhali kwa miongo mingi fimbo fupi nene za kuburura chambo, zinazoshindana na sulisuli na samaki wakubwa kuliko yeye, zimeundwa kwa kioo, kwa sababu kioo hupinda sana kabla ya kuvunjika. Muuzaji wako angefikiri jambo hilo moja tu asingekwambia aliyokwambia.

Anza na mshipi wako. Breki ya rili, inayouachia mshipi samaki akivuta kupita kiasi, hufungwa kwa robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi, kwa hivyo kwa ratili 30 hutavuta zaidi ya ratili 10, ambazo ni kama kilo nne na nusu. Chukua mizani ya kuning'iniza uvute uone jinsi uzito huo unavyochosha mkono. Ufito unaokufaa ni ule ulioandikiwa mshipi wa ratili 20 hadi 40 na chambo cha uzito unaotumia kweli, wenye urefu wa futi 7 hivi, wa kaboni ya tani 24 au 30, au wa kaboni iliyochanganywa na kioo. Wa ufuoni utakuwa mwingine, mrefu zaidi. Fimbo moja haifanyi kazi zote mbili vizuri, nawe anza na ya mashua. Na samaki akifika ubavuni, mtoe kwa kulabu au wavu. Ncha nyingi zinazoletwa kwangu zimekatwa na mvuvi aliyesimamisha fimbo wima akamnyanyua samaki kwayo, kwani hapo mzigo wote huhamia kwenye ncha.

Kuhusu pete, mshipi wa kusuka huchimba mfereji katika pete za bei rahisi za chuma kitupu, na mfereji huo ndio utakaoukata mshipi baadaye. Tafuta zenye duara la kauri na fremu ya chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, zenye miguu miwili. Kabla ya kulipa, zungusha pamba ndani ya kila duara. Ikiacha nyuzi, kuna ufa. Futi 7 huhitaji pete kama nane pamoja na ya ncha. Usizipange kwa kunakili fimbo ya mwenzako: zishike kwa utepe kwanza, pitisha mshipi, pinda fimbo kwa mzigo, uzisogeze mpaka mshipi uufuate mpindo wa ufito bila kukata kona.

Supaglu iache kwa viatu. Mguu wa pete hufungwa kwa uzi wa nailoni, na uzi hupakwa epoksi ya fimbo, gundi ya sehemu mbili zilizopimwa sawasawa, fimbo ikizungushwa polepole mpaka ishike. Kwa joto letu epoksi huwahi kuganda, basi changanya kidogo kidogo, tena ndani ya chumba kisicho na vumbi wala unyevu wa mvua. Kikalio cha rili kikiwa cha alumini, hakikisha gundi imejaa pande zote kati yake na ufito, kwani alumini ikigusana na kaboni ndani ya maji ya chumvi huliwa.

Wauzaji wa namba wana ndugu zao mafundi, nao ni hatari zaidi. Yupo anayekata ncha ya ufito mwepesi akauuza kuwa ni mzito, ilhali amebadilisha mpindo wote na chambo ulichokusudia hakirushiki tena. Yupo pia anayefunika ufa kwa uzi wa rangi na vanishi, akaita amekarabati, ingawa ufito uliopasuka hauponi bila kipande kingine kuunganishwa ndani au nje yake kwa gundi. Ukiuziwa ufito uliotumika, ukague kabla haujafungwa chochote, upitishe ukucha kutoka shina hadi ncha, na mahali popote ukucha unapokwama au rangi inapoonekana mpya kuliko kwingine, urudishe papo hapo.