Kwa nyie mnaoanza kufukuzia DNA inayorukaruka kwenye seli shina mojamoja

Maswali ya wanaoanza hii kazi ya kutafuta transposoni, yaani vipande vya DNA vinavyoweza kuhama kwenda sehemu nyingine, ndani ya seli shina (zile zinazoweza kugeuka aina nyingine za seli), yanafanana sana, kwa hiyo ngoja nimwage yote hapa, atakayefaidika afaidike.

Kwanza kabisa tenganisha mambo mawili kichwani maana watu wanayachanganya mpaka kwenye proposo. Kuna kipande "kuwaka", yaani seli inatoa RNA yake (nakala ya muda), halafu kuna kipande kuhama kweli, kimejinakili na kujichomeka sehemu mpya ya jenomu (DNA yote ya seli). Hivyo ni vitu viwili mbalimbali jamani. Karibu nusu ya jenomu yetu imetokana na hivi vipande, L1, familia mojawapo ya vipande hivyo, peke yake ni kama 17%, nakala zaidi ya laki tano, lakini zenye nguvu ya kuruka mpaka leo ni kama 80 hadi 100 tu, zilizobaki zimekatika upande wa mbele au zimeharibika zamani. Na HERV-H, familia nyingine iliyotokana na virusi vya zamani, kwenye seli shina za binadamu inatoa RNA kibao ila hairuki popote. Sasa wewe umeona RNA unaandika "imeruka", mtahini wa nje akikushika hapo hutoki.

Kwa nini ujitese na seli mojamoja? Mfano wangu wa siku zote ni panya. Mwaka 2012 watu wa taasisi ya Salk kule California walionyesha kwamba kwenye sahani ya seli shina za kiinitete cha panya kuna chache sana, hata moja kwa mia hazifiki, zinawasha MERVL (familia ya vipande vya panya) na kuanza kufanana na kiinitete kikiwa bado na seli mbili tu, halafu baadaye zinarudi kama wenzao. Ukisaga sahani nzima pamoja huzioni, zimemezwa. Basi hiyo ndiyo sababu, na kama swali lako halihitaji kuona seli chache zilizojificha kati ya nyingi, fanya sampuli ya pamoja (seli nyingi zilizosagwa kwa mpigo) uokoe hela za supavaiza.

Haya, upande wa RNA. Mashine nyingi za vitone, zinazofunga kila seli kwenye kitone chake, kama 10x, zinasoma kipande kifupi tu karibu na mkia wa RNA, na nakala za Alu, familia nyingine ya vipande vifupi, ziko zaidi ya milioni moja zinafanana, kwa hiyo ridi moja (kipande kilichosomwa na mashine) inaweza kukaa sehemu mia. Ni kama kupewa mzigo umeandikwa "Mama Asha, Kariakoo", utampelekea yupi? Programu za kawaida zinautupa tu huo mzigo. Ndiyo maana kuna programu za scTE, SoloTE na Stellarscope, ila ujue hazifanyi kitu kimoja: kuhesabu kwa familia (mfano L1HS, yaani L1 changa za binadamu, zote pamoja) ni rahisi na inaaminika kiasi, kusema ni nakala ile pale kwenye kromosomu ya 22 ni ngumu zaidi, na L1 changa ndizo mbaya kuliko zote kwa sababu hazijapata muda wa kutofautiana.

Halafu kuna mtego ambao naona unawanasa wengi kuliko huo. Alu na L1 zimejaa ndani ya introni (sehemu zinazokatwa RNA inapokomaa) za jeni za kawaida. Jeni ikisomwa, RNA yake changa inabeba na Alu iliyomo ndani, tena Alu ina A nyingi kwa hiyo praima ya T (kianzio cha kunasa mkia wa A) inashika hapohapo katikati, wewe unaona "Alu imewaka" kumbe ni jeni jirani tu inafanya kazi yake. Ukitumia nyuklia (viini vya seli) badala ya seli nzima ndo tatizo linazidi kabisa. Dawa yake: angalia ridi zinaanzia wapi, zinafuata mwelekeo wa jeni au wa kipande chenyewe, na jeni inayokibeba ikipanda na chenyewe kinapanda? Kama vinapanda pamoja kwenye kila seli, usishangilie.

Upande wa DNA ndo kuna vita. Seli moja ya binadamu ina DNA kama pikogramu 6, lazima uizidishe kwanza, na kwenye kuzidisha vipande vinaungana vyenyewe ovyo, unapata L1 imeshikana na sehemu ambayo haijawahi kukaa. Kawasomeni Upton na wenzake wa 2015, walipata miruko kama 13.7 kwa kila neuroni (seli ya neva) ya hipokampasi, sehemu ya ubongo, halafu Evrony na wenzake 2016 wakazirudia data zilezile wakasema ni chini ya mmoja, mingi ni hiyo miungano feki. Ni neuroni, sio seli shina, lakini kemia ni ileile. Mruko wa kweli unaacha alama: mkia wa A, kipande kifupi cha DNA ya pale kilichojirudia pande zote mbili, na sehemu iliyokatwa inafanana na TTTT/AA. Ukiona upande mmoja tu hiyo bado ni tetesi. Tengeneza praima za pande zote mbili, piga PCR (kuzidisha kipande hicho), peleka Sanger (kukisoma herufi kwa herufi).

Mimi kwa seli shina napenda njia ya kuiacha seli yenyewe ijizidishe. Unaotesha kloni (kundi la seli zilizozaliwa) kutoka seli moja, unasikwensi kloni, yaani unasoma DNA yake. Wakorea walifanya hivyo wakatoa matokeo 2023, kloni 899 kutoka kwa watu 28, na seli za utumbo mpana zilikuwa na miruko kwa wastani kama mitatu kila moja, wakati damu na fibroblasti (seli za tishu unganishi) ilikuwa michache mno. Inachosha, inakula muda, na zile seli zisizokubali kukua huzioni kabisa, ila DNA unayosoma imenakiliwa na seli na sio na kimeng'enya kwenye tyubu. Kama ni iPS (seli za kawaida zilizorudishwa kuwa seli shina) weka dawa ya Y-27632 unapozitenganisha la sivyo zinakufa, na kama zinakaa juu ya seli za panya za kuzilea linganisha ridi na jenomu zote mbili, usije ukachapisha L1 ya panya kwa jina la binadamu.

Na hili ni la kwetu hasa. Kipande kutokuwepo kwenye jenomu ya rejea (ile ya mfano tunayolinganishia) hakukifanyi kiwe kipya, huenda mtu kakirithi kwa bibi yake, na Waafrika tuna tofauti nyingi kuliko watu wengine wote kwa hiyo utakutana nayo sana. Daima sikwensi na sampuli ya pamoja ya mtu huyohuyo. Kabla hujagusa data yako, shusha za mradi wa 1000 Genomes (jenomu za watu wa sehemu mbalimbali za dunia), kuna Waluhya wa Webuye wamo mle kwa msimbo wa LWK na orodha ya vipande vilivyochomekwa ipo bure, chukua vichache ufungue kwenye IGV (programu ya kutazama ridi) uangalie kipande cha kweli kinakaaje, mkia wake uko wapi, ridi zinavunjikia wapi, mpaka jicho lizoee.