Usipige nyeusi na nyeupe kwenye kamera, nakuomba

Hapana hapana, subiri kwanza. Umesema Jumamosi unapiga picha harusi ya dada yako, unataka albamu nzima iwe nyeusi na nyeupe, kwa hiyo unaweka kamera kwenye monokromu na JPEG peke yake, lile faili dogo lililobanwa, ili memori kadi isijae, halafu ukauliza programu ipi nzuri na uprinti kwenye karatasi gani. Karatasi iache. Hiyo setingi itoe leo hii.

Mimi nilifanya hivyo hivyo harusi ya binamu yangu, Tanga, picha mia nne na kitu. Kuna jamaa wa studio nilikuwa namwona fundi kwelikweli, akaniambia nyeusi na nyeupe ya kweli inapigwa kwenye kamera, kugeuza kwenye kompyuta ni utapeli. Kumbe mwenyewe faili la RAW, lile ghafi linalotunza rangi zote kama kamera ilivyozipokea, hajawahi hata kulifungua! Mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka.

Bibi siku ile alivaa kanga ya kijani yenye maandishi mekundu, aliitafuta wiki nzima maana yale maneno ndiyo yalikuwa wosia wake kwa bi harusi. Kwenye picha zangu ni kijivu juu ya kijivu, hakisomeki kitu, kwa sababu ile nyekundu na ile kijani zilikuwa na mwanga unaolingana, kamera ikazipa kijivu kimoja. Ningekuwa na rangi, wakati wa kugeuza kwenye kompyuta ningeshusha slaida ya kijani, kile kitufe cha kuburuta kinachotia giza au mwanga kwenye rangi moja, nikapandisha nyekundu, maneno yangesimama meupe. Na uso wake ungefunguka, ngozi zetu zina nyekundu na chungwa nyingi, ukizipandisha hizo kidogo uso unapata nuru na shela ya bi harusi haiungui ikawa weupe mtupu. Ila JPEG yangu ilikuwa na ngazi 256 za kijivu, basi.

Miezi minne baadaye bibi akafariki. Mama mkubwa akapiga simu, "mwanangu nitumie ile ya rangi niiweke kwenye fremu." Nikamwambia ya rangi haipo mama. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Na usiniambie siku hizi kuna programu za kupaka rangi, zile zinabuni, kanga ya bibi zitaijulia wapi.

Piga RAW. Kama unapenda kuona nyeusi na nyeupe kwenye skrini basi monokromu ibaki, ila faili liwe RAW, skrini itaonyesha kijivu na rangi zote zimo ndani. Kadi ikijaa azima ya pili. Ukigeuza geuza kopi, usibonyeze tu ile ya kufuta rangi, nenda penye slaida ya kila rangi, kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, ipo Mono Mixer, na ukisevu ipe jina jingine.

Sasa hivi chukua kanga yoyote hapo nyumbani, ipige picha, hamishia kwenye kompyuta uone rangi kama zipo, halafu uniambie.