Mliopangiwa kazi nje ya mji wa Mtwara, msilipe nyumba kabla hamjaijua njia yake

Juzi binti mmoja aliyeripoti kazini Jumatatu alinionyesha kwenye simu picha za nyumba aliyoipata Shangani, hapa Mtwara mjini. Ukuta mweupe, marumaru sebuleni, mkungu uani, bahari inaonekana kwa mbali. Alikuwa na furaha, nami nilitamani kufurahi naye. Nikamuuliza neno moja tu: "Umelipa?" Akasema ndiyo, miezi sita, na mwezi mmoja wa dalali. Kazi yake iko Mitengo, atakuwa na naiti, yaani shifti ya usiku, hana chombo cha usafiri, na Mtwara ana siku tano.

Nilinyamaza kwa sababu hela ilishatoka. Lakini huyu ni wa tatu mwaka huu, na mimi siwezi kunyamaza kila mara. Wadogo zangu, tena wengine ni wanangu kabisa, nawaandikia ninyi ambao barua inasema Mtwara ila kituo kiko Mikindani, Mitengo, Naliendele, Msijute au Madimba. Mimi ni muuguzi, nipo huku tangu 2014, na nitasema nikiwa najua mnachokipitia: inchaji, yaani msimamizi wako wa kazi, anataka uingie kwenye rosta wiki hii hii, hela ya kujikimu haijatoka, gesti inakula akiba, na dalali anakwambia kuna mtu mwingine anakuja kuiona nyumba saa kumi.

1. Mtwara ni mji uliotawanyika. Ulipimwa mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati wa mradi wa karanga wa Waingereza, kwa ajili ya bandari na reli ya kwenda Nachingwea. Walitarajia mji mkubwa, wakakata barabara pana na viwanja vyenye nafasi. Mradi ukafa, reli ikang'olewa, limebaki jina la mtaa wa Reli, na sisi tumebaki na umbali. Anayetoka Mwanza au Mbeya akiambiwa Shangani na Mikindani zote ziko manispaa moja anadhani ni jirani. Kutoka mjini hadi Mikindani ni kama kilomita 10 kwa barabara ya Lindi. Naliendele nako ni umbali kama huo, ila ni upande mwingine kabisa, barabara ya Newala. Kwa hiyo swali la kwanza si mtaa gani mzuri. Ni barabara gani inakwenda kazini kwako, na wewe unaipandia wapi.

2. Usilipe nyumba mpaka umetoka mlangoni pake kwenda kazini, saa ile ile ya shifti, angalau mara mbili.

Hapa nitakaa kidogo.

Nilifika Julai 2014 kutoka Singida. Bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam lilikuwa linajengwa, mji umejaa wageni, na kila mwenye nyumba Shangani alikuwa na bei ya wageni. Nilipata nyumba ya 150,000 kwa mwezi. Alitaka mwaka mzima. Nikachukua akiba yangu yote, nikamkopa kaka yangu 800,000, nikalipa 1,800,000 na ya dalali juu yake. Kituo changu kilikuwa upande wa Mikindani.

Julai huku inadanganya sana. Kusi inavuma, kuna ubaridi wa kupendeza, barabara kavu. Halafu kulikuwa na mwenzangu wa maabara mwenye pikipiki, anakaa mitaa ya jirani, akawa ananibeba. Miezi mitano sikuwahi kujua kwamba sina usafiri. Nilidhani nimechagua vizuri, kumbe nilikuwa nimechagua pikipiki ya mtu.

Desemba akahamishiwa Newala. Mwezi huo huo mvua zikaanza. Mliozoea vuli na masika mjue kwamba huku msimu ni mmoja, unaanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili. Ikawa natoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro, natembea na mwavuli kutafuta boda, na mvua ikinyesha boda wamejikinga vibarazani. Nikipata, ananifikisha stendi. Pale Hiace ya Mikindani haiondoki mpaka ijae, na asubuhi ya mvua hakuna anayetoka kwake kuijaza. Unakaa ndani umelowa, unahesabu viti. Kupokea ripoti ni saa moja na nusu. Nilianza kufika saa mbili kasoro robo, kisha saa mbili.

Siku moja ya Januari 2015 nilifika saa tatu kasoro robo. Aliyekuwa naiti wodi ya wazazi alikuwa peke yake, usiku wake wa tatu mfululizo, na nyumbani ameacha mtoto wa miezi minne. Nilimkuta amesimama mlangoni na daftari la ripoti mkononi. Gauni lake lilikuwa limelowa kifuani kwa maziwa, amejifunika kanga juu yake. Hakunifokea. Alinikabidhi kila mgonjwa kwa utaratibu, kitanda kwa kitanda, dawa zilizobaki, mama aliyekuwa na presha, kila kitu. Nilipoanza kuomba radhi akaniambia, "Dada, sina hasira na wewe. Nina mtoto." Akaenda.

Nimesemwa na matroni, nimeandikiwa barua ya kujieleza, vyote hivyo nimevisahau. Sentensi ile sijaisahau. Kwa sababu niliposaini mkataba wa nyumba ile niliwaza upepo wa bahari, sikuwaza kwamba upande wa pili wa kuchelewa kwangu kuna mtu ambaye haruhusiwi kuondoka mpaka nifike. Sisi wa shifti hatuchelewi peke yetu.

Nilimpigia mwenye nyumba, alikuwa anaishi Dar, nikamwomba anirudishie hata nusu. Akasema hela imeshaingia kwenye ujenzi. Nikautazama mkataba: hakuna mstari hata mmoja unaosema nikihama mapema itakuwaje. Niliusaini bila kuuliza. Basi, mwezi wa tatu nikakodi chumba kimoja Mikindani, choo cha nje, bati bila dari, joto lake mnalijua. Nilikuwa nalipia nyumba mbili na kulipa deni la kaka kwa mshahara mmoja hadi Julai. Nyumba ya Shangani ilikaa imefungwa na mkungu wake. Lakini kazini nilikuwa naenda kwa miguu dakika kumi na tano, na yule mwenzangu asubuhi alikuwa ananikuta ninamsubiri yeye.

3. Mkataba uandike notisi ya kuhama na kitakachotokea kwa kodi iliyobaki. Sainini mbele ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa nenda ukamsalimie hata kama huna shida, siku ya shida atakuwa anakujua.

4. Maji usimuulize dalali. Muulize jirani anayefua: yanatoka siku gani, saa ngapi, na yakikatika mnachota wapi. Nyumba haina simtanki, hesabu na gharama ya madumu.

5. LUKU iwe yako mwenyewe. Mita moja wapangaji watano ni ugomvi unaousubiri tu, na tangu 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa humo humo.

6. Mnaofanya naiti, ulizeni kuhusu usingizi wa mchana. Baa, msikiti, kanisa, shule, mashine ya kusaga, kila kimoja kina saa zake na unaweza kuzoea. Ila likizo za shule ndizo za jando na unyago, na ngoma ya Wamakonde haina nusu, inaanza jioni na kukucha nayo. Mimi naipenda, nimealikwa kwenye nyingi, nimekula ming'oko, ile mizizi ya porini ya huku, na korosho mbichi kwenye mikeka ya watu walionipokea nikiwa sijui mtu. Usiende kuwalalamikia wenye mji wao. Muulize mama wa nyumba ya jirani ngoma ni lini, kisha mwombe inchaji akupangie ofu siku hiyo uende.

7. Msangamkuu kuna nafuu ya kodi na samaki wa kutosha, lakini katikati kuna kivuko. Mwenye shifti asipange ng'ambo ya maji.

8. Bondeni na ukingoni mwa bahari angalia alama za maji kwenye kuta za jirani. Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja, watu wa mabondeni waliambiwa wahame, na baadhi yao walikuwa watumishi wenzetu waliotakiwa kuwa kazini siku hiyo hiyo. Kiligeukia Msumbiji, tukashukuru, lakini tulijua nani anakaa wapi.

Mtauliza, sasa tulale wapi siku hizo za kujaribu njia? Gesti ni ghali, najua. Ombeni kwa wenzenu mliowakuta kazini, wengi tulipokelewa hivyo. Mimi nina chumba cha uani hapa Mikindani, kina kitanda na neti nzima, kwa sababu mbu wa mikokoni si wa mchezo. Binti wa Shangani nimeshamwambia alale hapo siku za naiti mpaka miezi yake sita iishe. Siku nyingine kiko wazi. Njoo na shuka lako.